Nukta ya Kijani Juu ya Kabalo

Kamina, Jumanne 2 Oktoba 2001

Mvua ya kwanza imekuja leo mchana. Bati la darasa limepiga kelele hata nikaacha kufundisha, nikawaambia wanafunzi wachore mto wowote waujuao. Karibu wote wamechora Lualaba. Mmoja amechora mfereji wa nyuma ya nyumba yao, na nimempa alama nzuri, maana ulifanana na wenyewe.

Bega langu la kulia limegoma. Tangu kiangazi siwezi kuinua mkono kupita kidevu. Sasa niambie, mwalimu wa jiografia asiyeifikia ramani ni mwalimu wa nini? Ramani kubwa ya nchi yetu ilitundikwa juu, karibu na dari, kwa sababu watoto wa zamu ya asubuhi walikuwa wakiichokonoa kwa vidole. Nafikia Lubumbashi bila maumivu. Bukama kwa kuuma meno. Kabalo siifikii.

Kabalo ndiko aliko Gaston, mume wangu. Ni mkuu wa treni. Agosti ya mwaka 1998 alipanda na mabehewa ya mizigo, akasema Jumamosi atakuwa nyumbani, nimtafutie samaki. Vita ikaanza, mstari wa mbele ukapita katikati ya reli, na upande ule ukawa nchi nyingine. Toka hapo sijasikia sauti yake wala ya mtu aliyemwona. Hatuna mtoto. Jioni nyumbani ni mimi na redio, na redio haijui kujibu.

Subira yavuta heri, wanasema. Yangu mpaka leo imevuta buibui tu.

Ijumaa, 5 Oktoba

Nimenunua kitu cha kipuuzi.

Bolingo, yule mchuuzi anayezunguka na sinia la saa, nyembe na redio ndogo, alinisimamisha nje ya soko. Akatoa kitu mithili ya kalamu nene. Akabonyeza. Kule mbali, kwenye ukuta wa kanisa letu la Wamethodisti, kukatokea nukta ya kijani kali, inachezacheza.

"Mama Mwalimu, angalia. Hii haiko torche. Hii ni kidole cha mbali."

"Imetoka wapi?"

"Ndola. Hapa Kamina iko moja tu, vrai, kweli. Usiweke mu macho ya muntu, itamuharibu."

Niliwaza ramani. Niliwaza Kabalo, sikufichi. Bolingo hakutaka noti zangu, alisema noti za siku hizi zinaoza mfukoni. Alikuwa ameliona kabuti la reli la Gaston nimelianika uani, na mvua ndiyo hiyo imeanza. Basi tukaja nyumbani, nikaliingiza ndani, nikalinusa, halinuki tena mtu, linanuka kabati. Nikampa. Akaondoka amelivaa, linamfika kwenye vifundo vya miguu.

Jumatatu, 8 Oktoba

Darasa limeniheshimu leo kuliko nilivyoheshimiwa tangu nianze kazi. Nimekaa kitini kama malkia, nukta inatembea kutoka Banana mpaka Kalemie. Hakuna aliyesinzia. Wanafunzi waliokimbia kutoka kaskazini wameniomba niwaonyeshe kwao, mmoja baada ya mwingine, na walipoona nukta imetua wakasogea karibu.

Walipotoka nimebaki kidogo. Nimeiweka juu ya Kabalo mpaka kidole kikachoka kubonyeza.

Jumanne, 9 Oktoba

Abdias, mkuu wetu wa shule, ameniita. "Ile kitu isitoke darasani, Mama Talitha. Baaskari hawapende taa kidogo-kidogo." Ana haki. Nimekubali bila ubishi, na amestaajabu, kwani si kawaida yangu.

Ijumaa, 12 Oktoba

Mvua. Kabalo kimya.

Alhamisi, 18 Oktoba

Alhamisi akina mama wa kanisa wana maombi. Leo walipotoka mvua iliwafumania njiani, na Noémie akakimbilia darasani kwangu. Noémie ni jirani yangu, anauza unga wa muhogo, ana sauti ya kuita ng'ombe aliyevuka mto. Mwanawe wa pekee, Kasanda, ni muuguzi Manono, naye yuko upande ule ule wa Gaston. Kwa miaka mitatu sisi wawili tumesalimiana kila asubuhi, na hatujawahi kulitaja jambo hilo. Kila mtu na mzigo wake.

Alinikuta na nukta yangu.

"Njo nini pale?"

"Kabalo."

"Bwana yako iko pale?" Nikaitika. Akasogelea ramani: "Na Manono iko wapi?"

Nikaisogeza nukta chini kidogo, mashariki.

"Acha pale. Usitikise." Akasimama wima na sare yake ya kanisa iliyolowa, akafumba macho, akamwita Kasanda kwa majina yake yote mbele za Mungu. "Baba, iko pale. Pale kwenye hii taa iko. Umuangalie." Alipomaliza akajipangusa uso. "Minyi siku zote naombea mu mupepo tu. Leo nimeombea fashi, pahali penyewe. Wafwako, Mama Mwalimu. Asante."

Kwetu maombi hutaja jina na mahali, ndivyo tulivyolelewa kanisani: fulani, wa mahali fulani, ana shida fulani. Lakini ni kweli mahali penyewe hakuna aliyekuwa akipaona.

Alhamisi, 25 Oktoba

Wamekuja wengi. Léonie, mke wa fundi wa reli, ana dada Kongolo. Wengine watu wao wako Nyunzu, Kabalo, Manono. Kila mmoja anataja mji, mimi naweka nukta, wote wanaomba, kisha mwingine. Wanaanza na mimi kwa heshima: Kabalo kwanza.

Alhamisi, 1 Novemba

Wameleta karanga, ndizi na samaki wa kukaushwa wa Mulongo. Darasa linanuka kama gati la Bukama. Noémie ametusimulia jinsi muumini mmoja alivyosinzia ibadani akajibu "bei gani?" badala ya amina. Nimecheka mpaka bega likauma. Nina furaha, naiandika ilivyo. Nilikuwa nimesahau jinsi chumba kinavyokuwa na joto wanawake wakijaa.

Jumatano, 7 Novemba

Mvua usiku kucha. Kabalo kimya. Kesho Alhamisi.

Alhamisi, 15 Novemba

Leo bega limenisumbua, na nukta ilipofika Manono ikatetemeka. Noémie akaona.

"Kasanda iko na homa," akasema.

Ningesema: ni bega langu. Sentensi yenyewe ni fupi. Lakini wote walikuwa wameshafumba macho, wanamwombea malaria imtoke, na kwa Léonie nukta ikatulia, akafurahi kwamba dada yake anakula vizuri. Nikanyamaza. Niliona ni jambo dogo.

Alhamisi, 22 Novemba

Sasa wanasoma ile nukta kama daktari anavyosoma kipimajoto. Ikitikisika, ugonjwa. Ikipauka, njaa. Ikitulia, Mungu asifiwe. "Kabalo inasema nini?" wananiuliza, na Kabalo daima inatulia. Inatulia kwa sababu kwa Kabalo naegemeza kiwiko mezani. Kwa miji mingine nasahau.

Nimeandika hivyo na sifuti.

Ijumaa, 30 Novemba

Abdias amenisubiri mlangoni. "Mama Talitha, ile kitu ni ya ramani. Haiko nganga."

Nikamwambia akina mama wanaomba Mungu, hawampigi ramli mtu, na kama ana nafasi aje naye aombe. Akasema atakuja. Hakuja. Kusema kweli jibu langu lilikuwa na kelele nyingi kuliko ukweli.

Jumanne, 25 Desemba

Noeli. Kanisani tumeimba vizuri. Nyumbani nimesonga bukari, ugali wetu, la watu wawili, mkono umezoea. Nimelila lote kwa hasira, sasa tumbo linauma. Redio inasema wakubwa watakutana wazungumze. Kabalo kimya.

Alhamisi, 10 Januari 2002

Shule imefunguliwa. Nukta imepauka. Najua sababu, betri zinakwisha, na zile nyembamba hazipatikani hapa. Bolingo amekwenda Lubumbashi, haijulikani atarudi lini. Akina mama wameona kupauka huko, wakaamua kufunga siku moja bila kula kwa ajili ya watu wa upande ule. Nami nimefunga.

Alhamisi, 17 Januari

Sijui nianzie wapi.

Mvua ilikuwa nzito, tumefunga madirisha, darasa giza-giza. Kabalo ilipita, hafifu, ila ilipita. Kongolo ya Léonie ikapita. Nikaweka Manono. Noémie alikuwa amesimama karibu kabisa na ramani, shingo ameinua. Ameanza: "Baba, Kasanda, mutoto yako..." Na nukta ikafifia, ikawa kama kaa la mwisho jikoni, ikazimika.

Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Hakuna.

Alitazama pale mahali peusi kwa muda. Kisha akatoa sauti ambayo nimeisikia misibani maisha yangu yote, na sijawahi kuisikia ikianza karibu hivyo na sikio langu. Akaanguka kwa magoti. Wenzake wakamshika, wakaanza kulia naye, wakamtoa nje mvuani wakimwita mama wa marehemu.

Nami nimesimama na kalamu yangu mkononi. Nilisema "ngojeni," mara moja, kwa sauti ya mtu asiyetaka kungojwa.

Ijumaa, 18 Januari

Kwa Noémie kuna msiba. Uani wametandika mikeka, wameleta kuni, wanaume wamekaa upande wao. Noémie amenyolewa nywele, amekaa chini ameegemea ukuta. Nimekwenda, nimeketi kati ya wanawake. Léonie akanishika mkono, akawaambia waliochelewa: "Mama Mwalimu njo alikuwa na taa. Alimuona Kasanda akienda."

Nilipaswa kusimama pale pale. Nilikaa mpaka jioni nikaimba nao.

Jumamosi, 19 Januari

Wamegawa mashati ya Kasanda kwa binamu zake. Moja jeupe, la kazini, lilikuwa bado na mikunjo ya pasi.

Nimerudi nyumbani sikula. Nimekaa nimejiuliza kwa nini ulimi umekuwa jiwe. Aibu ipo, hilo halina shaka. Pia naogopa nitabaki peke yangu tena Alhamisi. Lakini chini ya hayo kuna jambo baya zaidi. Nikisema Manono ilizimika kwa sababu ya betri, basi Kabalo nayo iliwaka kwa sababu ya betri. Ile nukta iliyotulia, miezi yote hii, ni kiwiko changu na meza. Mimi, mwenye diploma, nimekuwa nikienda kulala nikiamini mume wangu yu hai kwa kuwa taa imetulia. Sina kingine. Nikimrudishia Noémie mwanawe, mimi narudi na nini nyumbani?

Jumapili, 20 Januari

Baada ya ibada nimekwenda kwa Abdias. Nikamwambia yote, nimesimama mlangoni. Nilingoja anikumbushe alichoniambia. Hakunikumbusha. Aliingia ndani, akafungua kikokotoo chake cha ofisi, akanipa betri zake mbili nyembamba, akafunga mlango polepole. Afadhali angenitukana.

Uani kwa Noémie wamejaa. Nikapiga magoti mbele yake, nikatoa kalamu, nikabadilisha betri mbele ya macho yao. Nikabonyeza chini, karibu na mguu wake. Nukta ikawaka juu ya udongo, kali kama siku ya kwanza.

"Tazama, Mama Noémie. Inawaka. Ilizimika juu ya mabuye, hizi betri, kwisha. Haikuwa Kasanda. Sijui Kasanda yuko vipi, na hii taa haijui pia."

Wimbo ukakatika. Noémie aliitazama nukta, akanitazama mimi.

"Ulijua siku gani?"

"Siku ile ile."

Nilidhani atanipiga. Nilikuwa tayari. Lakini alizungumza chini sana, ile sauti yake kubwa sijui ilikwenda wapi, na aliacha kuniita Mwalimu.

"Talitha. Toka vita ilianza minyi sikulala. Kila mulango ikigonga, ni yeye. Kila treni ikilia, ni yeye. Hizi siku tatu nimelala. Muntu amekufa, unamulia, unalala. Sasa weye unanirudisha tena mu kungojea."

Mzee mmoja akainuka akaanza kukunja mikeka, maana msiba wa mtu asiyejulikana kama amekufa ni kumwitia kifo. Léonie ndiye aliyeuliza, kwa woga: "Na dada yangu? Na Kabalo?"

"Kabalo pia ni mabuye," nikasema.

Nimelisema kwa mdomo wangu, mbele za watu. Nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Alhamisi, 24 Januari

Hakuna aliyekuja. Nimekaa darasani mpaka mvua ikakatika.

Ijumaa, 25 Januari

Nimemrudishia Abdias betri zake. Wanafunzi sasa wananyooshea ramani kwa fimbo ya ufagio huku mimi nataja. Wanagombania fimbo.

Alhamisi, 31 Januari

Hakuna. Noémie ananisalimia kwa kichwa tu. Amefunga kitambaa kichwani.

Jumatano, 6 Februari

Mvua. Kabalo kimya.

Alhamisi, 14 Februari

Niliposikia treni leo, moyo ulishtuka. Basi Noémie alisema kweli. Mimi nami sijalala miaka mitatu na nusu, ila nilikuwa sijui kwamba huko ndiko kunakoitwa kungojea.

Jumanne, 26 Februari

Nimerudi shule nimemkuta mtu kibarazani, amekonda, viatu vimefungwa kwa kamba. Ni Ézéchias, fundi wa injini aliyekuwa na Gaston kwenye treni ile. Ametoka Kabalo kwa miguu porini, kisha kwa pirogi, mtumbwi, hadi Mulongo, kisha Bukama, na jana amepanda treni ya kuja huku. Nimemkaribisha kiti. Amekaa ukingoni. Nimempa maji, ameyashika bila kunywa.

"Gaston iko muzima, Mama."

Nililia. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, Kiswahili na Kiluba, sijui nilisema nini. Nilimwuliza anakula wapi, mgongo wake bado unamsumbua, anafanya kazi gani. Ézéchias alijibu hili na lile, anazungusha kofia mkononi. Maji hajayanywa bado. Hapo nikaacha kuuliza.

"Iko na nyumba kule," akasema. "Iko na mama moja wa pale Kabalo. Wana mutoto. Mutoto mwanamuke, amekwisha kuanza kutembea."

Mvua ikawa inakuja, unaisikia inakanyaga mabati ya jirani kabla ya kufika kwako.

"Amekutuma?"

"Alisema nikusalimie. Alisema usimungojee."

Akanywa maji yote kwa mara moja, akaomba ruhusa ya kwenda kwao. Nilimpa ndizi za njiani. Sijui kwa nini, nyumba yao iko mtaa wa pili.

Nilimwombea awe hai. Kila Alhamisi, mbele ya mashahidi, awe hai. Sikutaja mengine, na Mungu amejibu kile kile nilichoomba. Namchukia Gaston. Namchukia na nimefurahi hajafa, vyote viwili vimekaa kwenye kiti kimoja. Na yule mtoto. Miaka yote dada zake Gaston waliponisengenya kwamba sizai, nilijifariji kwamba huenda kasoro iko kwake, hakuna ajuaye. Sasa inajulikana. Amekwisha kuanza kutembea.

Jumatano, 27 Februari

Sikwenda shule.

Alhamisi, 28 Februari

Habari imeenea. Watu wanapita mbele ya nyumba wanapunguza mwendo, hawaingii. Siwalaumu. Angekufa, mikeka ingekuwa imetandikwa tangu juzi, kuni zingekuwa zimeletwa. Mume aliye hai na mke mwingine hana msiba. Hakuna anayejua akuletee nini.

Saa kumi mvua ikaanza, na Noémie akaingia bila kubisha hodi, ameshika beseni la maharagwe na ungo. Kitambaa amekivua. Nywele zimeanza kuota, fupi, nyeupe kuliko nilivyozijua. Akaketi chini, akamimina maharagwe kwenye ungo, akaanza kuchagua mawe.

"Nimesikia," akasema.

"Kamina nzima imesikia."

"Kweli. Hata viziwi." Akatupa kijiwe nje mlangoni. Nikaketi naye, nikaanza kuchagua kwa mkono wa kushoto. Hakunipa pole. Hakulitaja jina la Gaston. Tulichagua mpaka beseni likafika nusu, na ndipo nililia, na aliniacha nilie, akiendelea na kazi yake. Nilipomaliza nikamwomba radhi kwa zile siku tatu. Akasema zimekwisha.

Kisha akasema, bila kuinua macho kwenye ungo:

"Sasa weye hauko tena na muntu wa kungojea."

"Sina."

"Minyi ningali naye. Na kungojea peke yangu kumenichokesha, Talitha. Kama iko fashi mu moyo yako, unisaidie Kasanda."

Nilimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

Nikamwambia sawa. Lakini nilimwambia pia kwamba Kasanda aliondoka hapa kijana mwembamba apitaye njiani tu, nami sikuwahi kumwangalia vizuri. Mtu unayemngojea ni lazima umjue. Nikamwuliza yukoje.

Noémie akaweka ungo chini. Akaanza na masikio. Amesema ni makubwa, yametoka nje kama ya baba yake, kwamba nikienda gare, pale stesheni, bila yeye niangalie masikio kwanza, nisije nikampita.